Simu Ikihamia Kwenye TV: Kutoka ya Nane Hadi ya Kwanza

Hela ya korosho ikitoka, maduka ya Nachingwea na Ruangwa huuza bati, pikipiki, TV bapa, na siku hizi boksi la Android, kile kidude cheusi kinachochomekwa nyuma ya TV kwa waya wa HDMI. Muuzaji huapa kwamba kila kilichomo kwenye simu yako kitaingia humo. Kuingia kitaingia. Kufanya kazi ni habari nyingine, na sisi wa Nachingwea hatuhitaji kufundishwa hilo. Mradi wa karanga wa wakoloni, uliofika hadi huku kwetu, ulipoanza mwaka 1947, baadhi ya matrekta yake yalikuwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa. Ardhi haikuulizwa kama inayataka, na mwaka 1951 mradi ukavunjwa.

Boksi halina kioo cha kugusa, halina laini, mara nyingi halina kamera, na halitoki kabatini. Programu ya simu inavitegemea vyote hivyo. Halafu simu ni ya mtu mmoja, TV ni ya sebule nzima. Kwa mizani hiyo nimezipanga programu ambazo watu hujaribu kuzihamisha, naanzia mkiani. Watani zangu wa Ruangwa wakinuna, chai ipo, waje tubishane.

8. Ramani na programu za kuita usafiri

Boksi la kawaida halina GPS, na kabati halijasogea tangu litoke kwa seremala. Unatafuta njia ya kwenda wapi? Toka nje, bodaboda yuko pale kwenye mwembe.

7. Pesa za simu

M-Pesa iko Tanzania tangu 2008, na tangu siku hiyo msingi wake ni laini. Programu za pesa hutaka kuhakikisha namba yako, na boksi halina pa kuchomeka laini. Tuseme imekubali. Sasa salio lako limetandazwa kwenye inchi 43, shemeji yuko kwenye kochi, na shangazi amekuja kukusalimia siku ileile malipo ya chama cha msingi yamesoma. Salamu hiyo itakugharimu. Iache simuni, na namba ya siri ibaki kichwani.

6. WhatsApp

Tangu 2021 WhatsApp inaruhusu akaunti moja kuunganishwa na vifaa vingine, kwa hiyo mwenye subira ataiweka kwenye boksi na itawaka. Tatizo ni sebule. Filamu imefika patamu, kumbe kundi la ukoo nalo limefika patamu: mchango wa harusi, nani ametoa, nani amekaa kimya. Jina lako liko kwenye orodha ya waliokaa kimya, na wazazi wa bibi harusi wamekaa mbele ya TV yako. Lipa kwanza, ndipo uunganishe.

5. TikTok na video za kusimama wima

Hapa hesabu inasema yenyewe. Video ya simu imesimama, TV imelala. Ukiiweka bila kuikata, picha inachukua chini ya theluthi moja ya upana wa kioo, na pande mbili zilizobaki ni giza tupu. Umenunua inchi 43 ili utazame uchochoro. Na ile kazi ya kusukuma kwa kidole gumba, rimoti haiijui: unabonyeza mshale wa chini, video imetulia tuli, unabonyeza tena, sauti inapanda. Mtoto anakucheka.

4. Michezo

Ya mbio na ya risasi isahau kwenye boksi la bei ya chini. RAM ya GB 1 au 2 inamaliza pumzi kwenye kujifungua tu, na michezo mingi inataka vidole viwili kwa wakati mmoja. Lakini drafti, ludo na karata zinakwenda vizuri, kwa sababu kila mtu anacheza kwa zamu na hakuna haraka. Wazee wa Ruangwa wanaosema hawashindwi drafti, kioo kikubwa hiki hapa, kila mtu aone wanavyoliwa kete.

Kwa michezo hiyo na programu nyingine, siri iko kwenye kipanya. Programu nyingi za simu hazikuandikwa kwa mishale ya rimoti: ukifika kwenye kitufe cha "Endelea", mshale unakiruka, unakwenda juu, unarudi chini, kitufe hakiguswi. Geuza boksi, tafuta tundu la USB, chomeka kipanya cha kompyuta, hata kile cha zamani chenye waya. Alama ya mshale inatokea kwenye TV, na kila unapobofya programu inaamini kuna kidole. Watu wanahangaika wiki nzima na rimoti, kumbe dawa iko kwenye droo ya ofisi.

Boksi likisema programu haiwezi kuwekwa, usilipige kofi. Yako ya aina mbili. Moja lina Android TV halisi, ambayo Google waliitangaza 2014. Duka lake huficha programu zinazodai kioo cha kugusa, ndiyo maana unaitafuta huioni. La pili lina Android ya tableti iliyovishwa ganda la boksi. Hilo linaonyesha kila kitu, hata kisichofanya kazi. Tena mengi yanatumia mfumo wa biti 32, kwa hiyo faili la programu lililotengenezwa kwa simu za biti 64 peke yake litagoma. Tafuta toleo la biti 32 kabla hujamlaumu fundi.

3. Programu za "mpira wa bure"

Hii nimeiweka juu kwa sababu ya uzito wake. Haistahili sifa, na hapa utani nauweka pembeni. Jamaa anakuja na flashi, ndani kuna faili la kuonyesha ligi zote za dunia bila kulipa. Anakwambia uzime ulinzi wa Play Protect "ili isisumbue". Simama hapohapo. Januari 2023 mtaalamu Daniel Milisic alieleza jinsi alivyokuta programu hasidi ndani ya boksi aina ya T95, jipya kabisa, limetoka dukani. Juni 2025 FBI ya Marekani ikatoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vya nyumbani vilivyoambukizwa, maboksi ya TV yakiwemo: vingine vikiwa na ugonjwa tangu kiwandani, vingine vikiupata kwa programu zilizochukuliwa nje ya maduka rasmi. Julai mwaka huohuo Google walifungua kesi dhidi ya waendeshaji wake, wakisema vifaa vilivyoambukizwa vimepita milioni 10.

Kazi ya vifaa hivyo ni kupitisha mambo ya wahalifu kwenye intaneti yako na kubofya matangazo usiku kucha. Maana yake bando la wiki ulilonunua Jumatatu linakata Jumanne, nawe unagombana na watoto ambao hawajagusa kitu. Mama anayelipia bando kwa hela ya mbaazi hastahili kumlipia mwizi asiyemjua. Ulinzi uache umewashwa, na boksi likikuomba uuzime ndipo liwe na furaha, lirudishe lilikotoka.

2. Masomo na katuni za watoto

Hapa boksi linalipa gharama yake. Ubongo Kids, katuni za hesabu na sayansi zilizotengenezwa hapahapa Tanzania na kuanza kurushwa 2014, ziko YouTube, na YouTube ina toleo lake la TV linaloelewa rimoti bila kipanya. Watoto sita wanatazama kwa bando moja. Kwenye simu wangegombania, na simu ingeanguka.

Cha kuangalia ni ubora wa picha. Netflix wenyewe wanaandika kwamba picha ya HD inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na ya kiwango cha kawaida hadi GB 0.7. Boksi likiachiwa huchagua kubwa, maana linaiona TV kubwa. Ingia kwenye mipangilio ushushe hadi 480p. Mtoto anayejifunza kugawanya hatalalamika. Au chukua video mtu aliyoirekodi mwenyewe kwenye simu, iwe somo la mwalimu au harusi ya dada, ihamishie kwenye flashi, ifungue kwa VLC. Hapo bando halitumiki hata kidogo.

Umeme nao una la kusema. Maboksi mengi yanatumia volti 5, kwa hiyo pawabenki inayatosha. TV ndiyo inayogoma. Mwenye TV ya sola ya volti 12 ataendelea kutazama mtaa mzima ukiwa gizani, na wageni atawapata bila kualika.

1. Mpira, Namungo wakiwa ugenini

Namungo, timu ya Ruangwa, walipanda Ligi Kuu msimu wa 2019/20, na msimu uliofuata wakafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho Afrika. Ruangwa wametuimbia hilo hadi leo, na wana haki. Timu ikicheza Uwanja wa Majaliwa, tunakwenda. Ikisafiri, tunahitaji kioo. Ligi inaonyeshwa na Azam TV, wenye programu yao ya simu, AzamTV Max. Ilipie, iwe yako kihalali, halafu panga mapema: ingia kwenye akaunti saa mbili kabla ya mechi, maana kuandika neno la siri kwa rimoti, herufi moja moja, watu thelathini wakiwa nyuma yako wanakutajia herufi, kunaweza kuvunja undugu.

Simu nyingine iwe hotspoti, iwe kwenye chaji, na iwekwe dirishani ambako mtandao unashika. Mwenye simu hiyo asipokee simu hadi mapumziko. Mpira wa intaneti huchelewa nyuma ya redio, wakati mwingine kwa nusu dakika nzima, kwa hiyo jirani mwenye TBC Taifa atashangilia bao wakati ninyi bado mnatazama kona inapigwa. Mkaribisheni ndani, apewe kiti cha mbele, redio izimwe. Akitokea Ruangwa, betri mtoe kabisa.