Sifa za Makadirio ya Nyumba Zetu

Miongoni mwa neema zilizoufikia mji wa Mtwara bila kuombwa, sioni iliyo kubwa kuliko makadirio ya thamani ya nyumba. Bandari hungoja meli, korosho hungoja mnada, lakini makadirio hayangoji kitu: hayangoji mnunuzi, hayangoji fedha, wala hayangoji nyumba yenyewe ipauliwe.

Na nani kati yetu hana maradhi haya matamu? Mwenye vyumba viwili Magomeni na mwenye jumba Shangani, wote wawili, familia ikishalala, hufungua simu chini ya shuka. Hutazama kiwanja cha jirani kimetangazwa kwa shilingi ngapi, hugawanya kwa mita za mraba, huzidisha kwa eneo lake, kisha hulala tajiri. Asubuhi humkopa mangi nusu kilo ya sukari, jambo lisilopunguza utajiri wake hata kidogo.

Usahihi wa makadirio ya mtandaoni unatokana na ukarimu wa madalali wetu. Mmoja hutangaza: kiwanja kimepimwa, hati ipo, dakika tano toka lami, maongezi yapo. Bei aliyoandika ni ile ambayo mwenye mali angependa kulipwa. Wa pili huiona, huichukua kuwa ushahidi, huongeza kidogo kwa sababu chake kina mwembe. Wa tatu huwategemea wote wawili. Baada ya muda mfupi kata nzima ina bei ya soko iliyokubalika, na hakuna hata mtu mmoja aliyesumbuliwa kununua. Kwingineko bei ni mtumwa wa mauzo. Hapa tumeiacha huru.

Uhodari huu tumeurithi. Mtwara ya leo ilichorwa na Waingereza miaka ya 1940 kwa kukadiria karanga zitakazovunwa Nachingwea. Bandari ya kina kirefu ikajengwa, reli ikatandazwa. Karanga hazikutokea, mpango ukaachwa mwaka 1951, na reli ikang'olewa miaka ya 1960. Barabara pana zilibaki, zikiutazamia umati kwa adabu. Kisha, kuanzia mwaka 2010, gesi ikagunduliwa kwenye bahari ya kina kirefu, na viwanja vya njia ya Msimbati vikapata heshima iliyochelewa. Watu waliongeza vyumba vya wahandisi, wakaweka viyoyozi, wakakadiria kodi kwa dola. Bomba la kilomita 542 likaipeleka gesi Dar es Salaam, na kiwanda cha kuisindika kikapangiwa Likong'o, kule Lindi, ambako bado kinasubiriwa. Wahandisi wakaondoka. Makadirio hayakuondoka. Yalibaki kuvilinda vyumba vitupu, na bei yake hadi leo mwenye nyumba huitaja bila kutetereka, mpangaji awepo asiwepo.

Wageni wamejaribu kutufikia. Zillow ya Marekani hukadiria nyumba kwa kompyuta tangu mwaka 2006. Mwaka 2016 mkuu wake aliuza nyumba yake ya Seattle kwa dola milioni 1.05, ilhali kompyuta yake iliithamini dola milioni 1.75, yaani chombo kiliiheshimu nyumba kuliko soko lilivyoiheshimu. Mwaka 2021 kampuni iliacha kununua nyumba kwa kufuata hesabu zake yenyewe, lakini hesabu hizo ikaendelea kuwapa wengine, ukarimu ambao dalali wa Chikongola ataufahamu mara moja.

Serikali nayo haikubaki nyuma. Tunayo Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya mwaka 2016, tunaye Mthamini Mkuu wa Serikali, na tunayo taarifa ya uthamini inayoweza kuipa nyumba moja, siku moja, ukurasa mmoja, thamani mbili: ya soko na ya kuuzwa kwa lazima. Nyumba yetu ina malezi mema, inajua kujiweka mbele ya kila mkubwa. Mbele ya benki husimama. Mbele ya ofisi ya kodi huinama. Mbele ya ndugu wa urithi hulala kabisa.

Lakini kilele cha usahihi ni kodi ya majengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa ndani ya LUKU, umeme wa kulipia kabla, na tangu 2023 nyumba ya kawaida hulipa shilingi 1,500 kwa mwezi. Nyumba ya vyumba viwili ya Chuno isiyo na plasta ni 1,500. Jumba la Shangani linalotazama bahari, maadamu si ghorofa, ni 1,500. Hakuna upendeleo, hakuna wivu, hakuna mthamini wa kupanda bodaboda. Hata mpangaji hupata fursa ya kuichangia thamani ya nyumba isiyo yake, kila aingizapo tokeni.

Imebaki fidia ya ardhi inayotwaliwa, ambayo wananchi wa mwambao hadi mlango wa Ruvuma wanaifahamu vyema. Mthamini huja na karatasi, huhesabu minazi, mikorosho, kuta na makaburi, na kila kimoja hupata bei yake. Sheria inataka malipo ndani ya miezi 6, la sivyo riba. Na uthamini wenyewe hudumu miaka 2, kisha hurudiwa. Mwenye nyumba, akiwa ameshaambiwa asiendeleze chochote, humngojea mthamini wa kurudia kwa utulivu. Makuti hutoboka, mlango huliwa na mchwa, ukuta wa kusini huegemea. Naye mthamini wa pili, mtu makini, huuona uchakavu huo wote, huupima kwa uangalifu uleule wa mwenzake, na huuondoa kwenye bei.