Nyayo za Sange

Hapo kale, katika msitu wa Kazimzumbwi ulioko Kisarawe, aliishi Sange, mnyama mwenye pua ndefu na mwendo mwepesi, ambaye tangu azaliwe hakugusa cha mtu. Mwaka mmoja mikorosho ilizaa hadi matawi yakainama, na Kiboko wa Mto Ruvu, upande wa Kibaha, akatangaza kwamba anatafuta mlinzi wa ghala. Sange akaenda, akaeleza haja yake, akapendwa, ila akaambiwa, “Mwanangu, maneno matamu hayalindi ghala. Niletee hati ya nyayo, nijue kama hujapata kuonekana penye mlango uliovunjwa.”

Hati hiyo ilitolewa na mmoja tu, mzee Nungunungu, mwandishi wa daftari la nyika nzima, aliyekaa mbali, karibu na bahari, chini ya mbuyu. Sange akaanza kwa Kobe, mzee wa mtaa, akapewa barua ya utambulisho; akapanda vilima vya Pugu, akachimba udongo mweupe unaovipa vilima hivyo sifa; akashuka hadi mbuyuni, akaukanyaga udongo ule kidole baada ya kidole, kwa maana nyayo zile, kama alama za vidole kumi vya binadamu, hazifanani hata kwa ndugu wa tumbo moja. Akalipa ada kwa korosho, akaambiwa asubiri. Mwezi ukaandama, ukapevuka, ukafa.

Hatimaye hati ikatoka, imefungwa kwa utomvu, juu yake imeandikwa: Kwa Kiboko. Sange akaibeba hadi Ruvu, asijue amebeba nini. Kiboko akaifungua, akaisoma, akaikunja, na bila kutamka neno akarudishia mlango.

Basi Sange akarudi mbuyuni. “Shikamoo, babu. Naomba nakala ya uliyoyaandika juu yangu.”

“Marahaba, mjukuu wangu,” akajibu Nungunungu, miiba imemsimama. “Daftari hili ni la wanaouliza habari za wengine. Anayeuliza habari zake mwenyewe anaogopa nini?”

“Babu, udongo niliuchimba mimi, miguu iliyoukanyaga ni yangu, korosho zilizolipia wino nilizitoa mimi, na jina nilipewa na mama yangu. Kila mwenye ghala ataambiwa yaliyomo. Iweje nisiyajue mimi peke yangu?”

Maneno hayo yakafika barazani, na Kobe akaomba daftari lifunuliwe mbele ya wote. Likafunuliwa. Chini ya jina la Sange palikuwa na mstari mmoja: alishukiwa kuchimbua muhogo wa watu. Nungunungu akasema, “Lisemwalo lipo.” Kobe akamjibu, “Lipo daftarini, shambani halikuwepo.” Wakaweka udongo wa zamani kando ya udongo mpya, na nyayo zikakataana. Aliyeshukiwa alikuwa Sange mwingine wa Pugu, naye wazee walikwisha kumwachia huru, ila siku ya kumwachia hakuna aliyeushika wino. Mwandishi alitafuta jina, hakutazama nyayo. Aliandika tuhuma, hakuandika hukumu.

Hati mpya ikaandikwa siku ile ile. Lakini Sange alipofika Ruvu, ghala lilikuwa na mlinzi mwingine, na msimu wa korosho ulikuwa umepita. Ndipo baraza likakata shauri: mnyama akikanyaga udongo, nakala ya kwanza apewe yeye, na penye kosa asikilizwe kabla hati haijavuka mto.

Wanadamu nao, katika nchi hii hii, walitunga mwaka 2022 sheria ya kulinda taarifa binafsi, inayomtambulia mtu haki ya kujua yanayohifadhiwa juu yake. Haki isiyodaiwa hulala kama daftari lililofungwa. Kwa hiyo, ndugu msomaji, siku utakayotakiwa kupeleka hati inayoeleza wewe ni nani, omba nakala yako, uisome mwenyewe, kabla hujaibeba kwenda mlangoni kwa mtu.