Fangasi Hana Faragha

Mwezi Machi, Dar es Salaam, shati ukilivaa kavu alfajiri, ukifika Kariakoo unalikamua. Ongeza suruali ya tetroni na kiti cha daladala chenye ngozi ya plastiki, mmebanana watano mnapopaswa kukaa wanne. Fangasi wa mapajani anataka nini tena hapa duniani?

Kuwashwa mtu unavumilia. Kazi ni kwenda kununua dawa. Nilizungukazunguka mpaka duka la dawa likabaki tupu, nikaingia na kunong'ona: "Dada, naomba dawa ya fangasi."

"Wa wapi?" Sauti ilifika ng'ambo ya barabara.

"Wa... chini."

"Chini miguuni au chini mapajani?"

Nyuma yangu watu walishaanza kupanga foleni. Mama mmoja mwenye kikapu cha dagaa akanihurumia: "Paka kitunguu saumu, mwanangu." Kijana wa bodaboda akapinga, akasema dawa ni mafuta ya taa, unalia kidogo tu basi. Mzee wa baraghashia akasema yeye hawezi kutoa ushauri kabla ya kuona.

Nikatoka na tyubu ya dawa tatu kwa mpigo, "inaua kila kitu." Na kweli, usiku ule nililala bila kujikuna. Lakini siku zilivyokwenda, yale maduara ya fangasi mapajani yakavuka mpaka na kuelekea tumboni.

Daktari wa zahanati alisoma boksi akatikisa kichwa. Mojawapo ya zile tatu ilikuwa betamethasoni, ambayo ni steroidi. Inatuliza mwasho na wekundu, sawa, ila inadhoofisha pia kinga ya ngozi, na fangasi anajitanulia apendavyo. Yaani nilitoa fedha zangu kumlaza mlinzi huku mwizi yumo ndani! Akaniandikia klotrimazoli ya asilimia 1 peke yake, nipake hadi nje kidogo ya duara, na niendelee wiki 2 nzima hata baada ya ngozi kuonekana imepona.

Kisha akasema, "Vua viatu." Kati ya vidole kulikuwa kweupe, kumechanika. Kumbe fangasi wa mapajani mara nyingi hupanda kutoka miguuni, na lifti yake ni chupi unapoivaa. Agizo: soksi kwanza, chupi baadaye.

Asubuhi yake mke wangu aliingia chumbani akanikuta nimesimama na soksi mbili, basi.

"Baba Amina, ndiyo nini hii?"

"Daktari ndiye kasema."

Akaniangalia kutoka juu hadi kwenye soksi. "Daktari huyo ni mwanamume au mwanamke?"