Msomi wa Mbagala

Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa mtu mwenye haki zake. Nilikuwa na sare. Ukivaa sare, konda wa Dar atakununia, atakuzuia mlangoni, atakwambia "denti subiri la nyuma", lakini ukishapenya ndani nauli yako ni mia mbili na hana la kufanya. Sasa niko mwaka wa kwanza chuo kikuu, navaa jinzi, na konda ananiita sista kwa heshima zote huku kiganja kimekaa tayari kupokea nauli ya mtu mzima. Siku moja nilimtolea kitambulisho cha chuo. Akakisoma mbele, akakigeuza nyuma, akanirudishia. "Hongera sana, sista. Nauli."

Hapo nikaielewa elimu ya juu. Inakuvua haki zote za mtoto, halafu za mtu mzima haikupi hata moja.

Mimi nakaa Mbagala, Zakhem. Chuo chenyewe kiko Kinondoni huko, na hosteli zilijaa kabla sijajua zinaombwa wapi. Wenzangu waliokosa wanabebana: kitanda kimoja chembamba, wawili, kichwa cha huyu kwenye miguu ya yule. Mama alikataa katakata. Hakunizaa nikabebwe. Basi alfajiri nasimama kituoni kugeuza. Yaani napanda gari linalokwenda Rangi Tatu, upande ambao sina shida nao hata kidogo, nalipa, nakaa siti, tunafika mwisho wa gari, na hapo nashuhudia Watanzania wenye ajira zao na heshima zao wakiingia kwa madirisha, pochi zikitangulia kushika nafasi. Kisha nalipa tena. Ndiyo gharama ya kukaa.

Gari likishafika Mtoni, limeshona, foleni imesimama, simu inalia. Ni CR, kiongozi wetu, kwenye grupu la darasa: "Wapendwa, kipindi cha saa moja hakitakuwepo, Dokta amepata dharura. Tuonane cha saa kumi." Chini yake wanaokaa hosteli wanashangilia, wanarudi kulala. Mimi nashuka, navuka barabara, nalipa nauli ya tatu kurudi nyumbani.

Na nyumbani ndiko kwenye kesi. Nilipokuwa kidato cha sita hata redio ilipunguzwa sauti: "Mwacheni mtoto asome." Leo mama akinikuta sebuleni saa tano ya Jumanne ananitazama kama mtu aliyefukuzwa mahali na anaficha.

"Huna chuo leo?"

"Ninacho, mama. Kipindi saa kumi."

"Aah. Basi chambua mchele."

Kwa mama, chuo ni mahali unapokwenda asubuhi ukarudi jioni umechoka. Ratiba yenye matundu katikati ni utoro uliopigwa mhuri. Kwa hiyo nimegeuka dada wa kazi mwenye namba ya usajili. Nikifungua desa nisome, naambiwa niache kuchezea makaratasi, maharage yanaungua.

Mtaani huko, kinyume chake, nimepandishwa cheo. Mzee wa nyumba ya tatu ana mgogoro wa mpaka na jirani, akaniletea karatasi zake za kiwanja kwenye mfuko wa rambo.

"Niandikie barua, mwanangu. Wewe si msomi?"

"Baba, mimi nasoma takwimu."

"Ndiyo hizo hizo. Andika."

Nikaandika. Ungekataaje?

Kisha likaja suala la bumu. Tangu Bodi ya Mikopo ianze kukopesha mwaka 2005, ndugu wa wanafunzi wa nchi hii wameshindwa kabisa kukubali kwamba ule ni mkopo. Hesabu yake ni shilingi 10,000 kwa siku, za kula na kulala. Ila haziji siku kwa siku, zinakuja za miezi miwili kwa mkupuo, na sijui nani huwapigia mbiu wajomba. Simu inaingia jioni ile ile: "Mjomba, nikopeshe kidogo." Nikamweleza kwamba na mimi nimekopeshwa, na nikipata kazi nitakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi. Akafurahi. "Kumbe utakuwa na mshahara! Sasa wasiwasi wa nini?"

Lakini yote hayo nayameza. Kisichomezeka ni asaimenti ya kundi. Chuo kikuu kilipoanza nchini mwaka 1961, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, wanafunzi wake wote, wa sheria, hawakufika ishirini. Kundi letu moja linakikaribia chuo kile kizima. Tofauti ni kwamba wale nadhani walikuwa wakionana. Kwetu yupo ambaye "niko njiani" tangu muhula uanze. Yupo ambaye mchango wake wote ni kuandika "pamoja sana". Yupo nisiyemjua sura, namjua kwa namba ya usajili tu. Na yupo anayelipia kuchapa pale steshenari, ambaye kwa sababu hiyo anataka jina lake liwe la kwanza. Kazi naandika mimi, usiku, umeme ukitaka. Sekondari mvivu alichapwa. Hapa anaandikwa jina kwenye jalada, na maksi tunapata sawa.

Shangazi anasema nisilalamike, miaka hii ndiyo raha yenyewe ya ujana, nitakuja kuikumbuka. Alikuwa anafunga mtandio huku akisema hivyo, na mwanawe ameshaniwekea mapajani, anawahi kikoba. Atarudi saa kumi na moja. Mimi si sina chuo leo.