Mpangaji wa Chumba Kisicho na Vumbi

Mwaka 2013 wanasayansi walitangaza rasmi spishi mpya ya bakteria, yaani kiumbe wa seli moja asiyeonekana bila hadubini, wakaipa jina la Tersicoccus phoenicis, ambalo mwanzo wake umetoholewa kutoka neno la Kilatini lenye maana ya "safi". Jina hilo lina kejeli yake, kwa kuwa kiumbe huyo hakuokotwa jalalani wala mtaroni, bali katika vyumba safi, ambavyo ni karakana za kuandalia vyombo vya anga, ambamo hewa huchujwa, sakafu husuguliwa kwa kemikali kali na mafundi hujifunika gubigubi. Alipatikana kwanza Florida, Marekani, mwaka 2007, chombo cha Phoenix kilipokuwa kikiandaliwa kwenda Mirihi; kisha akapatikana Kourou, Guyana ya Ufaransa, takriban kilomita 4,000 kutoka hapo, katika chumba kingine kilichojivunia usafi uleule. Hapana muujiza: usafi uliowafukuza bakteria wengine ulimwondolea washindani, naye, kwa kuwa hutosheka na riziki haba, akageuka kutoka mgeni asiyealikwa hadi mwenye nyumba. Basi anayeapa kwamba jikoni mwake hamna hata kijidudu kimoja na akumbuke kuwa wanaorusha vyombo hadi Mirihi hawajathubutu kuapa hivyo.