Barafu za Njano

Jumamosi saa moja asubuhi, nimetoka zamu ya usiku, hata viatu sijavua, mlango ukagongwa. Nikafungua. Watoto watano wa uani wamejipanga mstari, na wa mbele kabana sarafu ya shilingi 100 kwa vidole viwili kama anayekwenda kutoa sadaka.

"Shikamoo Baba K. Tunaomba barafu za njano."

"Marahaba. Barafu zipi?"

"Zile za jana. Bibi kasema wewe ndiye unayetengeneza."

Kwanza nilidhani bado nimelala. Mimi ni msahihishaji wa gazeti: usiku nawinda koma zilizopotea, mchana nalea. Barafu ni biashara ya mama mwenye nyumba, na za kwake ni za ukwaju na za ubuyu, hajawahi kuuza za njano. Kisha nikakumbuka ni kitu gani cha njano kilichokuwa ndani ya friza lake, miguu ikaniisha nguvu.

Mkasa huu chanzo chake ni hesabu. Sheria inampa mama siku 84 za likizo ya uzazi. Kliniki nao wanasema mtoto anyonye maziwa ya mama tu, bila hata tone la maji, mpaka atimize miezi 6. Toa ya kwanza kwenye ya pili, zinabaki siku karibu mia ambazo mama yuko ofisini na mtoto yuko nyumbani na mtu anayefanya kazi usiku. Mtu huyo ndiye mimi, niliyepewa siku 3 za likizo ya baba, ambazo mbili kati yake niliandamana na fundi wa kitanda. Siku hizo mia tulizivuka kwa maziwa yaliyokamuliwa, kikombe kidogo na kijiko, na sina malalamiko. Maziwa yalikuwa yanakuja tayari yamepikwa na mwenyewe.

Balaa lilianza miezi 6 ilipotimia.

Nilikwenda kliniki nikakaa kwenye benchi, mwanamume peke yangu kati ya akina mama kama ishirini. Muuguzi akanitazama juu ya miwani. "Baba, wewe umemsindikiza nani?" Nikamwonyesha mtoto. Benchi zima likacheka, na mtoto wangu mwenyewe akacheka nao. Lakini muuguzi yule alikuwa mwalimu hasa. Kuanza ni vijiko viwili vitatu vya chakula, mara 2 au 3 kwa siku, na kunyonya kunaendelea kama kawaida. Kipya kimoja kimoja, siku mbili tatu kabla ya kingine, ili tumbo likichafuka ujue wa kumshtaki. Chumvi usiweke, sukari usiweke. Asali mpaka avuke mwaka mmoja, maana inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambao utumbo wa mtoto mchanga hauwawezi. Na uji uwe mzito. "Ukiinamisha kijiko ung'ang'anie," alisema. "Ukitiririka, hiyo ni chai."

Niliandika yote kwenye daftari, na nilipofika nyumbani nikasahihisha nukta zake.

Kijiko cha kwanza nilikitoa kwa heshima zote: mke wangu ameshika simu anarekodi, mimi nimepiga goti. Uji ukaingia. Ukakaa humo kama sekunde tatu. Kisha ulimi ukautoa taratibu, wote, bila hasira, kama karani anayekurudishia fomu isiyo na muhuri. Nikakusanya kidevuni, nikarudisha. Fomu ikarudi. Muuguzi alikuwa ameshatuambia kwamba ulimi wa mtoto umezaliwa na kazi ya kusukuma nje chochote kisicho maziwa, ndiyo kinga yake asikabwe, na kwamba si kukataa. Nilielewa kwa akili. Moyo ulichukua muda.

Siku ya nne akaingia mama mkwe, kutoka Kondoa, na mfuko wa unga wa lishe aliosema ni wa vitu tisa. Mahindi, mchele, ngano, ulezi, mtama, soya, karanga, mbegu za maboga na dagaa. Unga ule ulikuwa na wajumbe wengi kuliko kamati ya harusi. Sasa muuguzi alikuwa amesema wazi kwamba nafaka tano ni nafaka tu, zinafanya kazi ileile moja. Mtoto anayeanza mpe nafaka moja, uichanganye na jamii ya kunde, basi. Na karanga zisisagwe pamoja na unga utakaokaa muda mrefu, kwa sababu ya mafuta yake kuharibika na kwa sababu ya sumukuvu.

Nani amwambie mama mkwe? Nikamtuma binti yake. Binti yake akanituma mimi. Jioni nikajikohoza, nikaanza kwa mbali sana, nikapitia hali ya hewa na bei ya nauli, nikafika kwenye sumukuvu. Nikaeleza kwamba ni sumu ya ukungu, huioni wala huisikii harufu, na kupika hakuiondoi. Alinisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Baba," akasema, "mwaka 2016 sumu hiyo imeua watu kwetu Dodoma, na Manyara. Mahindi yaleyale tunayokula. Karanga hizi nimechambua mwenyewe, moja moja. Iliyokunjamana nimetupa, yenye doa nimetupa." Kisha akafungua mfuko wa pili, ambao sikuuona. Karanga hazikusagwa. Zilikuwa peke yake, nzima, zinangojea. Dagaa vilevile. Alizihesabu tu kwa sababu ndizo alizokusudia kuongeza baadaye kidogo kidogo. Nilirudi chumbani na daftari langu kwapani.

Kwenye mfuko wa tatu kulikuwa na kimea.

Kimea ni ulezi uliolowekwa ukaota, ukaanikwa na kusagwa. Mama mkwe aliniambia nikoroge uji mzito, niutue, upoe kidogo, nitie kijiko kimoja cha kimea, nikoroge, kisha niuchemshe tena kidogo. Akaenda kusali. Nikakoroga uji mpaka mwiko ukasimama wenyewe. Nikatia kimea. Nikakoroga. Na mbele ya macho yangu, uji ule ukalegea, ukalainika, ukawa maji. Nilishtuka kama aliyeshika kuku akageuka njiwa. Mwalimu wangu wa kliniki alikuwa amesema nini? Ukitiririka, hiyo ni chai. Nikaongeza unga, nikarudisha jikoni ukakaza, nikatua. Nikasema labda kimea nilichotia hakikutosha. Nikatia kijiko kingine. Ukawa maji. Nikaongeza unga. Sufuria ikajaa, nikahamia kubwa, ile ya pilau.

Mama mkwe alitoka kwenye sala akanikuta natoka jasho mbele ya lita tano za uji, za mtoto ambaye tumbo lake halizidi ngumi yangu.

"Ndiyo kazi yake," alisema, akiufunika mdomo kwa mtandio.

Ndiyo kazi yake kweli. Ulezi ukiota unatengeneza kimeng'enya kinachokatakata wanga, kwa hiyo uji wenye unga mwingi unanyweka bila kuongezewa maji. Mtoto anakula kidogo lakini anapata cha maana. Hiyo hesabu ni nzuri, ila uifanye mara moja. Uani kwetu walikunywa uji siku ile, wapangaji wote, na fundi bomba aliyekuja kudai fedha zake. Na uliobaki mama mkwe akautia kwenye chupa ya chai, ya mtoto kula mpaka jioni.

Hapo nikasimama kidete, kwa mara ya pili na ya mwisho katika ndoa yangu. Chupa ya chai ni hatari kwa uji wa mtoto. Chakula kikikaa kati ya nyuzi 5 na nyuzi 60 vijidudu vinazaliana, na chupa ikishafunguliwafunguliwa inashuka humo humo, ikabaki vuguvugu, kama godoro la vijidudu. Kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na kwa joto la Dar es Salaam ya mwezi Februari mimi napunguza. Nilikuwa bado nahutubia pale fundi bomba alipojimiminia kikombe kutoka kwenye chupa hiyo akitegemea chai ya maziwa. Aliinywa, akafikiri, akaomba sukari.

Kuna sheria nyingine ambayo hainionei huruma: bakuli ambalo kijiko cha mtoto kimeingia halihifadhiwi. Mate yakishafika, ndani ya friji au nje, yanaanza kazi. Kwa hiyo unachota kidogo kwenye bakuli la kulia, na kinachobaki unatupa. Sasa mimi nimelelewa na bibi ambaye ukitupa chakula alikuwa anakitazama chakula, kisha anakutazama wewe, na unajua kabisa nani atabaki nyumba ile. Sikuweza kutupa. Mwezi wa kwanza mtoto aliongeza gramu 300. Mimi kilo 2.

Ndipo nikaja na mpango. Nipike mara moja kwa wiki, nigandishe, kila mlo niyeyushe wa kwake tu. Tatizo, friji yetu ni kabati lenye taa. Inatunza vitu lakini kugandisha haijui. Friza ni la mama mwenye nyumba, lile la kulala kama jeneza, lina kufuli, na linalisha nusu ya mtaa barafu. Nikamwomba kona. Akasema, "Weka tu mwanangu, nafasi ipo."

Jumatano nikanunua boga na viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa. Nikanawa mikono mpaka viwiko. Nikapika kwa mvuke, nikaponda, nikapitisha kwenye chujio, nikapata rojo laini la rangi ya machweo. Likapoa haraka ndani ya beseni la maji baridi. Vibati vya barafu sikupata dukani, muuzaji akanipa vile vifuko virefu vyembamba, akisema ndivyo wanavyotumia wote. Wote nani, sikuuliza. Nikajaza 20, nikafunga mafundo, nikabandika kila kimoja karatasi ya tarehe kwa mwandiko wangu wa kazini. Nikavipanga kwenye kona yangu. Niliondoka pale nikijiona wizara nzima.

Karatasi, nikajua baadaye, zilibanduka zote kufikia asubuhi.

Vifuko vitatu vilitumika, namaanisha mtoto alionja na mimi nikamaliza. Alhamisi jioni umeme ukakatika. Sikuwa na wasiwasi: friza lililojaa, lisipofunguliwa, linaweza kushikilia baridi hata siku mbili. Lisipofunguliwa. Mjukuu wa mama mwenye nyumba alilifungua kila baada ya dakika kumi kuangalia kama baridi bado ipo, na kila alipofungua alikuta imepungua. Ijumaa mchana nilikuwa nimelala kama gunia, mama mkwe yuko na mtoto. Saa nane mama mwenye nyumba akapitisha uamuzi ambao mfanyabiashara yeyote mwenye akili angeupitisha: ziuzwe zote kabla hazijayeyuka, nusu bei. Ukwaju 50. Ubuyu 50. Na zile za njano, ambazo hakukumbuka ni za ladha gani lakini zilikuwa kwenye vifuko kama vyake, zimefungwa kwa mafundo kama yake, 50.

"Zako ndizo zilizoisha kwanza," aliniambia Jumamosi hiyo, nilipomfuata na soksi mguuni. Hakuona aibu hata chembe, na nikifikiri vizuri, ya nini? Alifungua pindo la khanga akanihesabia. Vifuko 17, shilingi 50 kila kimoja, 850. Akakata 150.

"Za nini, Mama?"

"Umeme wa friza."

Siku ambayo umeme haukuwepo. Nilipokea 700 zangu nikashukuru.

Wakati natoka, jirani wa chumba cha nne akanishika mkono. Mwanawe wa miaka minne, ambaye boga hajawahi kulimeza toka azaliwe, alikula vifuko vitatu mfululizo. Nimetia nini? Nikamwambia boga. Akanitazama kana kwamba naficha siri ya biashara.

Jumapili nikapika upya. Vifuko 20, safari hii nimeandika kwa kalamu ya wino mzito juu ya kifuko chenyewe: CHAKULA CHA MTOTO. Nilibakiza kidogo, cha moto kilichopoa, nikapiga goti. Binti yangu aliangalia kijiko. Akaniangalia mimi. Akafunga mdomo kama duka siku ya Idi. Nikaimba. Nikaigiza ndege. Nikakila mwenyewe nikijilamba midomo, kwa kazi hiyo nina uzoefu. Mdomo haukufunguka. Mama mkwe akatoka jikoni na kikombe cha uji wa ulezi, wenye kimea, akakaa mkekani, na mtoto akausogelea kwa mikono miwili akanywa mpaka akatazama chini ya kikombe.

Mlango ukagongwa. Alikuwa yule wa sarafu, peke yake, amevaa shati la kanisani.

"Shikamoo Baba K. Leo zipo?"

Niligeuka nikatazama bakuli la rojo. Nikamtazama binti yangu, masharubu ya uji hadi mashavuni, akinicheka.

"Marahaba," nikasema. "Una shilingi ngapi?"