Mlango Uliogeuka Ubao

Mlango wetu wa mbele ni wa mbao za libuyu, mbao nne pana zilizounganishwa, na kwa ndani una komeo la chuma ambalo mimi silinyanyui kwa mkono mmoja. Baba watoto aliuagiza kwa fundi mwanzoni mwa 2013. Miezi michache kabla, Oktoba 2012, mapadri watatu walikuwa wamechukuliwa usiku hapa kwenye parokia ya Mbau, na hawakurudi. Tangu mlango huo uliposimamishwa, kila jioni mtu mmoja hupewa kazi ya kuufunga, na sisi wengine, hata tukiwa katikati ya maongezi, hunyamaza kidogo mpaka tusikie chuma kimeingia mahali pake. Ndipo chakula kinapakuliwa.

Mbau iko kilomita kama 20 kaskazini mwa Beni, pale barabara ya Kamango inapoachana na ile kubwa inayokwenda Oicha na Eringeti. Ni nchi ya kakao. Ni nchi pia ambayo watu wamekuwa wakiuawa tangu Oktoba 2014, na mtoto wa hapa akikwambia yuko mwaka wa nne, bado hujajua ana umri gani, maana miaka ya kukimbia haihesabiwi darasani. Binti yangu mkubwa alikuwa na miaka 14 na ndiyo kwanza alikuwa amefika mwaka wa sita wa msingi, mwaka wa TENAFEP, ule mtihani wa taifa wa kumaliza shule ya msingi. Miaka miwili ilikuwa imebaki njiani, kati ya Mbau na Beni, juu ya godoro la kufungwa kamba. Kwa hiyo mwaka ule wa masomo nyumba nzima ilikuwa imemshika yeye. Hakutumwa maji asubuhi. Mafuta ya taa yalikuwa yake.

Tarehe 18 Machi 2020, jioni, tulimsikia Rais Tshisekedi redioni. Mgonjwa wa kwanza wa korona alikuwa amepatikana Kinshasa tarehe 10, na sasa shule zote za nchi zinafungwa, na mikusanyiko ya watu zaidi ya 20 imekatazwa. Binti alikuwa amekaa mlangoni na kaye yake magotini. Aliifunga taratibu, akaweka biki katikati ya kurasa kama mtu anayeweka alama ya kurudi.

Ugonjwa wenyewe haukuwapa watoto wetu somo jipya. Ebola ilitangazwa Mangina tarehe 1 Agosti 2018, na tangu hapo ndoo yenye robine ilisimama langoni mwetu, maji ya klorini yakinukia kila asubuhi. Kusalimiana kwa kiwiko walikujua kabla dunia haijajifunza. Tena Ebola yenyewe ilikuwa haijatuacha. Tulikuwa tumebakiza siku mbili itangazwe kwamba imekwisha, tarehe 10 Aprili akapatikana mgonjwa mpya Beni, hesabu ikaanza upya mpaka tarehe 25 Juni. Magonjwa mawili na vita, na katikati yake watoto sita ndani ya nyumba moja: wanne wangu, na wawili wa shemeji yangu waliotujia mwishoni mwa 2019, baada ya jeshi kuanza operesheni na mauaji kuongezeka vijijini.

Redioni kulianza masomo ya watoto. Tuliwakusanya, redio juu ya kiti, wote wakiitazama. Koko, mama wa baba watoto, alisikiliza masomo matatu au manne, kisha akauliza, "Huyu mtoto anasikia hesabu. Anaziona wapi?"

Swali hilo ndilo lililougusa mlango wetu.

Marehemu mume wake alikuwa katekista, na ubao wake aliutia rangi mwenyewe. Koko aliikumbuka kazi hiyo hatua kwa hatua. Unachukua mawe ya redio, yaani betri, yaliyokufa, unayapasua, unatoa ule unga mweusi ulio ndani. Unasaga mkaa. Unatwanga majani ya matembele, unakamua maji yake ya kijani, unachanganya vyote mpaka viwe kama uji mzito, unapaka kwa kitambaa, unaacha ukauke, unapaka tena. Ubao tulikuwa hatuna, na mbao pana nyumbani zilikuwa nne tu, zile za mlango. Bawaba zake ni za kunyanyua, watu wawili wakishirikiana mlango unatoka. Baba watoto aliufikiria usiku mzima. Asubuhi akasema mchana uwe wa watoto na usiku uwe wa nyumba, akaenda shambani.

Mawe yaliyokufa tuliyapata sita. Hayakutosha. Mkono wa kwanza ulitoa rangi ya majivu, chaki ingepotelea humo. Mimi nilikuwa nageuza kakao kwenye shitingi, sikuona kilichofuata. Mwanangu wa pili, miaka tisa, mtoto anayependa kazi iishe siku ileile, aliingia ndani, akafungua mgongo wa redio, akatoa mawe manne mapya ambayo hayakuwa hata na wiki moja, akayapasua kwa jiwe la kusagia pilipili.

Jioni baba yake alirudi, akanawa, akakaa, akazungusha kitufe asikie habari. Akazungusha tena. Akaitikisa redio, akaiona nyepesi mkononi. Ukimya ulivyokaa, yule mtoto akajitokeza mwenyewe nyuma ya nyumba, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, akasema, "Baba, yaliingia kwenye mlango."

Nilisimama tayari kuingilia kati. Lakini baba watoto alitoka nje, akausogelea ule mlango uliokuwa umeegemezwa kwenye mti wa avoka. Ulikuwa mweusi kweli, mweusi wa kukaza, umenyooka toka juu hadi chini. Akaupitishia kiganja polepole, kama anavyopapasa tunda la kakao kujua limeiva. Akauliza kama chaki ipo.

Haikuwapo. Tulikausha vipande vya muhogo juani, na muhogo mkavu huandika vizuri, herufi nene nyeupe, na vumbi lake halikoholeshi. Nilimkamata yule mdogo kabisa akila chaki yake mara nyingi.

Binti ndiye aliyefundisha. Nataka hili lieleweke: hakuna mtu aliyemwagiza. Alipanga wadogo zake kwa madarasa, akawapa wa mwaka wa kwanza silabi kwa Kiswahili, wakubwa akawapa Kifaransa na hesabu, na baada ya wote kuondoka alibaki peke yake mbele ya mlango, anajiandikia maswali ya TENAFEP na kuyajibu. Nilimsikia akijisahihisha kwa sauti ya mwalimu wake.

Sauti hiyo ilivuka ua. Watoto wa majirani walikuja wawili, wakaja watano, kila mmoja na kigoda chake au tofali. Wiki ya tatu nyumba kumi yetu ilituletea shefu wake. Alisimama kwa mbali, kitambaa puani, akahesabu kwa kidole. Walikuwa 26.

"Mama Mzee," akamwambia Koko kwa heshima, "amri inasema 20."

Koko hakubisha. Shule zetu zenyewe, tangu serikali iliposema Septemba 2019 kwamba msingi ni bure, zilikuwa zinakalisha watoto watano kwenye benchi la watatu. Lakini amri ni amri, na sisi tuliozika watu wa Ebola hatuwezi kuicheza. Akamjibu, "Ni kweli, baba. Basi chagua wewe, sita wa kurudi nyumbani."

Yule bwana alikaa kimya muda mrefu. Kisha akamwita mtoto wake mwenyewe, aliyekuwa safu ya mbele, akamwambia atangulie nyumbani. Mtoto akaokota tofali lake. Hakulia, ila alitembea akiangalia nyuma, akisoma mlango mpaka alipofika kwenye migomba. Hakuna aliyeweza kuendelea baada ya hapo. Siku iliyofuata tukagawa zamu mbili kama shule zenyewe zinavyofanya, wa asubuhi na wa alasiri, na mtoto wa shefu akarudi kwenye zamu ya alasiri.

Zamu hiyo ndiyo iliyotuletea usiku ambao sitausahau.

Siku ile ua wetu ulikuwa umejaa kakao. Punje zilikuwa zimetoka kwenye majani ya migomba zilikokaa siku sita zikichacha, lazima zitandazwe, na watoto wasingepata pa kukaa. Mama jirani akasema wahamie kwake, nyumba ya nne kutoka kwetu. Wavulana wanne waliubeba mlango kichwani. Saa kumi mvua ikashuka, ile ya huku kwetu isiyotanguliwa na upepo. Sisi tukakimbilia kakao, tukaijaza magunia. Watoto wakatawanyika. Binti akauegemeza mlango chini ya baraza la jirani, akakimbilia nyumbani akijua mvua ikipungua atarudi na kaka zake.

Mvua haikupungua. Na kabla giza halijaingia tukasikia risasi upande wa kaskazini, mbali, kama mtu anayepasua kuni. Mama jirani hakungoja. Alichukua watoto wake, akafunga lango la ua wake kwa kufuli, akapanda pikipiki kuelekea Beni. Simlaumu; wote tumewahi kufunga hivyo, bila kutazama kilichobaki uani.

Ilipofika saa moja usiku tulikuwa watu tisa ndani ya nyumba, na mahali pa mlango palikuwa na mvua.

Kutoka hapakuwezekana tena. Baba watoto alisukuma magunia mawili ya kakao pale, akaweka meza juu yake, akaegemeza kitanda cha wavulana, akakaa nyuma ya vyote na panga lake magotini. Niliwalaza watoto kwenye chumba cha ndani, hakuna aliyelala. Binti alikuwa anatetemeka. Alirudia neno moja tu, kwamba ni yeye, ni yeye aliyeuacha. Nilimkumbatia, na sikuwa na la kumwambia, kwa sababu hata mimi nilikuwa nasikiliza nje.

Koko akamgusa bega. "Mlangoni paliandikwa nini leo?"

"Vipimo, Koko."

"Visome."

Binti akaanza kwa kunong'ona. Kilomita, hektomita, dekamita, mita. Wadogo zake wakaingia mmoja mmoja, kwa sauti ya pumzi tu. Desimita, sentimita, milimita. Wakashuka mpaka chini, wakapanda mpaka juu. Mita 1000 ni kilomita moja. Mtoto wa shemeji yangu, aliyekuwa hasemi karibu neno lolote tangu walipofika kwetu, nilimsikia akitamka dekamita, wazi kabisa, mara tatu nne. Sijui walizunguka mara ngapi. Risasi zilikoma, mvua ikaendelea, na vipimo viliendelea pia, mpaka mmoja baada ya mwingine akalala katikati ya neno.

Alfajiri baba watoto aliruka ua wa jirani, akaurudisha mlango mgongoni. Baraza lilikuwa limeukinga juu, ila chini mvua iliufikia: kilomita mpaka desimita zilisomeka, sentimita na milimita zilikuwa zimeoshwa.

Magunia yalilipa gharama. Mvua ilikuwa imeingia usiku kucha kupitia pembeni mwa meza. Mnunuzi alipokuja alichagua punje chache, akazipasua kwa kisu kama wanavyofanya wote, akatuonyesha ukungu ndani, mweupe kama pamba. Gunia moja akalikataa kabisa, jingine akalishusha bei. Fedha hiyo ndiyo ingenunua viatu vya binti na shati jeupe la shule. Tulikaa nayo, hasara ile, wiki nyingi. Na amri mpya ikatoka nyumbani kwetu: saa tisa alasiri mlango uko kwenye bawaba, hata kama swali halijajibiwa.

Agosti, baada ya hali ya dharura kuondolewa mwezi Julai, madarasa ya mwisho peke yake yakaruhusiwa kurudi. Binti alikwenda na barakoa niliyoishona kwa kipande cha kitenge cha Koko, na viatu vya kuazima vilivyomzidi, vimejazwa karatasi mbele. TENAFEP aliifanya, akafaulu. Alipotuletea habari hiyo aliingia ndani, na kabla hajaketi aliweka mkono kwenye mlango.

Tarehe 12 Oktoba 2020 watoto wote wakarudi, mwaka mpya wa masomo ukaanza. Mlango ukabaki kwenye bawaba mchana na usiku. Rangi hatukuikwangua.

Kisha Desemba, wimbi la pili. Shule zikafungwa tena tarehe 18, na amri ya kutotembea usiku ikaja pamoja nayo. Yule wangu wa pili alirudi siku ya mwisho, akavua shati jeupe, akalitundika. Hakuuliza kitu. Akaleta kitambaa kilicholowa, akaufuta mlango kutoka juu hadi chini, akaenda kusimama upande wa bawaba.

"Mama," akaniita, "shika huku chini."